Mwani wa kula: nimeletewa kiroba kutoka Jambiani, naanzia wapi?

#1 mama_kachori

Wakuu, habari za jioni. Wifi yangu kashuka na boti kutoka Unguja, kaniletea kiroba cha mwani mkavu. Si unga wala sabuni, ni mwani wenyewe. Umegandiwa na chumvi nyeupe, unanata kidogo mkononi, na harufu yake imeshafika kwenye kabati la mchele. Anasema wenzake kule wanautia kwenye kachumbari, juisi, hata keki. Nikamuuliza unaandaliwaje, jibu lake: "Unauroweka tu." Halafu akaenda zake kulala.

Naomba msaada. Nitajuaje kama huu unafaa kuliwa, na si ule wa kwenda kiwandani? Unapikwaje? Na nitauweka wapi, kwa joto hili la Mbagala, usiote ukungu? Mume wangu kashatangaza kwamba yeye si kasa, hali majani ya baharini. Nataka nimlishe bila kumwambia.

#2 Mtata

Siti ya mbele hapa. Ila dada, mwani ni wa sabuni na wa kuuza nje. Wanaoulima wenyewe hawauli. Ukiona mkulima hali anachokilima, jiulize.

#3 Binti Kusini

Asalaam aleykum. Mtata, mkulima wa katani naye haili, na mkulima wa karafuu hapiki sufuria ya karafuu. Tusiende huko.

Ni kweli kwetu mwani haukuja kama chakula. Ulipoanza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu za Ufilipino, kazi ilikuwa kuukausha, kuupima na kumkabidhi mnunuzi. Lakini huko Ufilipino ulikotoka watu wanaula siku zote, wanautia siki na kitunguu kama sisi tunavyokula kachumbari. Huku vikundi vya kina mama vimeanza kuupika baada ya kuona bei ya kilo haipandi. Mie nimekulia kwenye mwani, mama yangu analima mpaka leo, na kwetu unaliwa.

Sasa mama_kachori, mwaga kiroba chako kwenye sinia pana, mahali penye mwanga. Kwanza tazama ni mwani gani. Kama matawi yana miiba miiba midogo imezunguka shina, huo ni spinosamu. Kama ni matawi manene, laini, bila miiba mingi, huo ni kotoni. Yote miwili inaliwa. Uwezekano mkubwa umeletewa spinosamu, maana kotoni imekuwa ngumu kulima: bahari ikipata joto inapata ugonjwa, ncha zinakuwa nyeupe, zinalegea na kukatika. Wengi kwetu wameiacha.

Pili, sugua tawi moja kwa vidole juu ya karatasi nyeupe. Ikianguka chumvi, hewala, hiyo ni dalili nzuri. Ukianguka mchanga, ujue ulianikwa chini. Mwani wa kiwandani na mwani wa jikoni unatoka kamba moja, kinachoutenga ni ulikoanikwa. Ule wa kula tunauchagua tangu majini, tunatoa nyuzi nyuzi na majani mengine yaliyojishika, tunausuuza kwa maji yale yale ya bahari, kisha unapanda chanjani. Ukiulaza mchangani, kuku wanapita, mbuzi wanapita, na mchanga unaingia kwenye ule mnato ukikauka. Huo hautoki hata uoshe mpaka kesho.

Tatu, uliza kama ulinyeshewa. Mvua ikiukuta chanjani inauchuja chumvi yake, unakuwa mweupe wa kupauka, mlegevu, na ndani ya gunia unavunda. Weupe wa chumvi ni wa punje, ukiulamba ni chumvi. Weupe wa ukungu ni wa manyoya, na harufu yake ni ya nguo iliyokunjwa mbichi. Tawi zuri ukilikunja linakunjika kama mpira, halivunjiki wala halitoi maji.

Harufu ya bahari ni lazima iwepo. Harufu ya samaki aliyeoza, tupa.

#4 mama_kachori

Nimefanya sasa hivi. Ni wa miiba. Chumvi nyingi, mchanga kidogo sana, umekunjika vizuri. Kuna matawi machache yana madoa meusi yenye manyoya, nimeyatenga. Niyaoshe kwa siki?

#5 Binti Kusini

Usiyaoshe kwa chochote. Tupa, pamoja na yaliyokuwa yameyagusa.

#6 Afya Asili TZ

Mwani una madini 92 kati ya 102 yanayohitajika mwilini. Unatibu tezi, nguvu za kiume, vidonda vya tumbo, uzazi. Tunao wa dhahabu uliosafishwa, njoo PM tukuhudumie.

#7 Fundi Maabara

Hapo juu, samahani. Elementi zinazopatikana kwa asili tunazihesabu mpaka urani, ambayo ni namba 92. Kwa hiyo ukisema mwani una madini yote 92 umeshatuuzia risasi, zebaki, aseniki na urani kwenye chupa moja. Mwili wa binadamu hauhitaji hata nusu ya hayo. Mwani ni chakula kizuri: una nyuzinyuzi nyingi, potasiamu, madini joto na magnesi. Kauze kwa sifa hizo.

Na huo wa "dhahabu" mara nyingi ni mwani wa kawaida uliopaushwa na jua na maji yasiyo ya chumvi. Unapendeza machoni, harufu imepungua, lakini rangi ya njano haiongezi kitu.

#8 Binti Kusini

Fundi umesema. Sasa kuandaa.

Toa kiasi cha konzi moja tu, kingine rudisha. Ukikausha kitu kilichojaa maji hivi kinasinyaa mno, kwa hiyo konzi moja ikilowa itajaza bakuli. Watu huroweka nusu kiroba halafu wanahangaika kugawa majirani.

Kung'uta chumvi kavu kwanza. Kisha suuza kwa maji mengi, ukisugua tawi kwa tawi kwenye maungio, maana hapo ndipo mchanga na vikonokono vinapojificha. Mwaga, rudia, mpaka chini ya beseni pasibaki kitu. Ndipo uroweke kwa maji ya baridi usiku kucha, ukibadilisha maji kila ukikumbuka. Usitumie maji ya moto kwenye kuroweka, utaanza kuyeyuka nje ilhali ndani bado mgumu.

Asubuhi utaukuta umenenepa, unang'aa, unapitisha mwanga, na harufu karibu yote imekwenda. Onja kipande. Kama bado una chumvi kali, badilisha maji, subiri saa moja nyingine.

Kwa kachumbari: katakata saizi ya kidole. Chemsha maji yatokote, tumbukiza, hesabu taratibu mpaka kumi na tano, chuja, mwagia maji baridi hapo hapo. Ukizidisha, unapata ute, na kachumbari ya ute haina mlaji. Changanya na kitunguu ulichokikamua kwa chumvi, nyanya, embe bichi la kukwaruza, pilipili mbuzi, ndimu. Chumvi usitie mpaka uonje. Ule mwani wenyewe hauna ladha kali, raha yake ni ule mlio wa kumung'unya, kru kru, halafu unabeba ndimu na pilipili. Mumeo atadhani ni gegedu la kitu fulani.

#9 Mtata

"Gegedu la kitu fulani" ndiyo uliyoichagua kutushawishi?

#10 Mkwale

Salamu kutoka pwani ya kusini ya Kenya, Kwale. Kina mama wa Kibuyuni nao wanalima, na sisi majirani tumejifunza kula. Mimi naukata mdogo mdogo baada ya kulowa, natia kwenye bajia za dengu pamoja na kitunguu na dania. Ndani inabaki laini, watoto hawaulizi kitu. Ukiwa na mume mbishi, anza na bajia, kachumbari baadaye.

#11 Fundi Maabara

Nami niongeze kuhusu jeli, maana ndiyo itakayomsaidia kwa juisi na keki.

Chukua mwani uliolowa, tia sufuriani na maji ya kuufunika, chemsha moto mdogo kwa dakika kama ishirini huku ukikoroga. Utaona maji yanakuwa mazito na matawi yanalegea. Saga kwenye blenda ukiwa bado wa moto kiasi, pitisha kwenye chujio, mimina kwenye chupa safi, acha upoe. Ukisubiri upoe ndipo usage, utagandia kwenye blenda.

Kinachoganda ni karajinani, ile ile inayokwenda viwandani kuzuia maziwa ya chokoleti yasijitenge na kufanya dawa ya meno isimwagike. Spinosamu na kotoni hazigandi sawa. Ya kotoni inaganda ngumu, unaikata kwa kisu. Ya spinosamu ni laini, inatetemeka, ukiikoroga inalegea na ukiiacha inajishika tena. Kwa hiyo mama_kachori, jeli yako isipokuwa ngumu usidhani umeharibu. Ndivyo ilivyo, na kwa juisi na uji ndiyo nzuri zaidi.

Mambo mawili ambayo watu huyakosea. La kwanza, ndimu. Asidi pamoja na moto vinakatakata ule mnyororo unaogandisha, unabaki na maji. Pika kwanza, ipoe, ndipo utie ndimu au ukwaju. La pili, nanasi. Wengi wanaogopa kwa sababu wameona nanasi bichi likiyeyusha jeli ya dukani. Ile ya dukani ni jelatini, ni protini ya ngozi na mifupa, na nanasi lina kimeng'enya kinachokula protini. Jeli ya mwani si protini. Nanasi bichi halina kazi nayo, tia upendavyo. Na kwa wale wanaokwepa jelatini kwa sababu hawajui ni ya mnyama gani, mwani unawamalizia mjadala.

Maziwa ndiyo rafiki yake mkubwa. Ukichemsha jeli na maziwa, sukari na iliki, inashika vizuri kuliko kwenye maji, hasa ukipata kotoni.

#12 Nesi wa zamu

Nimesoma kimya mpaka hapa. Naomba msiruke hii.

Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 hivi za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Sehemu kubwa ya hizo tayari anazipata kwenye chumvi ya dukani. Mwani unaongeza juu ya hapo, na kiasi hubadilika kutoka mwani mmoja hadi mwingine. Kachumbari mara moja moja kwa mtu mwenye afya haina neno. Tatizo ni vijiko vya jeli kila siku kwa miezi kwa sababu tangazo limesema unatibu tezi. Madini joto yakizidi, tezi ile ile inaweza kuharibika. Mwenye rovu, anayemeza dawa za tezi, mjamzito na anayenyonyesha, muulize daktari kwanza. Mtoto mchanga asipewe jeli kwenye uji kabisa.

Wenye matatizo ya figo, ile chumvi nyeupe haina sodiamu peke yake, ina potasiamu nyingi. Mwani usioroweshwa vizuri si wa kwao. Na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asianze kula mwani kwa wingi bila kumwambia anayempima, kwa sababu baadhi ya mwani una vitamini K.

#13 Kobe Mzee

Shikamooni wote mnaonizidi, wengine marahaba. Mimi nipo karibu na ufukwe hapa Dar. Mwani unatupwa na mawimbi bure kila asubuhi. Kwa nini ninunue?

#14 Fundi Maabara

Marahaba usizitangulize, Kobe. Usiokote huo. Kwanza, sehemu kubwa ya unachokiona pale ni majani ya baharini yenye mizizi na maua yake, si mwani. Pili, umeshakufa na umelala kwenye joto hujui tangu lini. Tatu, mwani unafyonza kilichomo majini, na fukwe za mjini zinapokea mitaro.

Tena hata mwani hai unaoliwa siku zote unaweza kugeuka. Guam, mwaka 1991, watu 13 waliugua baada ya kula mwani mwekundu wa jamii ya grasilaria waliouchuma wenyewe, na 3 wakafa. Ulikuwa mwani unaofahamika pale, wa kuliwa. Kula uliolimwa, kwenye maji unayoyajua, na mtu unayeweza kumuuliza.

#15 Jiko la Posta

Nimepika muda mrefu kwenye hoteli yenye wageni wa Kijapani, niwasemee wale wanaonunua wa supamaketi, maana kanuni hazifanani.

Nori ni ile karatasi ya sushi. Nzuri ni nyeusi inayong'aa, haina matundu, ukiinua kwenye mwanga ina ukijani. Haioshwi wala hairoweki. Ikilegea, ipitishe juu ya moto mdogo sekunde chache, inarudi kukatika. Wakame inaroweka dakika tano hadi kumi tu, na kijiko kimoja kinatosha supu, inafumka ajabu. Kombu ni ile mipana migumu yenye ungaunga mweupe. Ule unga si chumvi wala ukungu, ni sukari yake na ndiyo ladha, kwa hiyo ifute kwa kitambaa, usiioshe. Unaitia kwenye maji baridi, unapasha taratibu, unaitoa kabla hayajatokota. Nesi kasema madini joto: kombu ndiyo mfalme, gramu moja kavu inaweza kuvuka maikrogramu 1,000. Mwani wa Jambiani haupo kwenye daraja hilo.

Kuna mwingine mweusi kama majani ya chai, unaitwa hijiki. Huo una aseniki ya aina mbaya, na mamlaka ya chakula ya Uingereza imewaambia watu wasiule tangu 2004. Ukiuona, pita.

#16 mama_kachori

Jamani asanteni. Nimeroweka jana, leo nimetengeneza bajia za Mkwale na kachumbari ya Binti Kusini. Kru kru ni kweli. Mume kala bajia sita, kachumbari kaiuliza "hii ni figili gani?" Nimemwambia figili ya pwani.

Sasa kuhifadhi. Kiroba bado kina zaidi ya nusu, na jeli nimebakisha chupa.

#17 Binti Kusini

Figili ya pwani, hahaha. Mwongo wa kheri.

Mkavu usiuoshe mpaka siku ya kuutumia. Ile chumvi ndiyo inayoulinda. Lakini chumvi hiyo hiyo inavuta unyevu hewani, ndiyo maana masika ikiingia mwani ulioko kwenye kiroba wazi unatota wenyewe bila kumwagiwa tone. Kiroba ni cha kusafiria. Uanike kivulini penye upepo siku ya jua mpaka uhisi mkavu, juu ya ungo au wavu, usiuweke sakafuni. Kisha tia kwenye chupa za kioo au ndoo yenye mfuniko wa kubana, gawa kidogo kidogo ili usifungue wote kila mara. Weka gizani, mbali na jiko na mbali na mchele. Kila mwezi fungua, nusa. Ukiwa umelainika lakini hauna harufu mbaya, uanike tena. Ukiwekwa hivyo, mwaka unafika.

Ukipata mbichi siku moja, ukienda Unguja, chagua ncha changa, zenye rangi moja, zinazokatika kwa mlio. Usiutie maji baridi ya bomba kisha uuache humo, utalegea na kutoa ute. Ufunge kwa kitambaa kilicholowa maji ya bahari, kivulini, ule siku hiyo au kesho yake. Tunavuna bamvua, maji yakitoka mbali, baada ya wiki sita hivi tangu kufunga mbegu kwenye kamba. Kwa hiyo anayekwambia ana mbichi kila siku ya mwezi, muulize anautoa wapi.

#18 Fundi Maabara

Jeli: kwenye friji, chupa iliyosafishwa kwa maji ya moto, kijiko kikavu kila ukichota, ndani ya wiki mbili imalize. Ikianza kutoa maji mengi juu, ikiwa na harufu ya chachu au doa lolote, mwaga. Umeme ukikatika siku nzima, usiihurumie. Ya kukaa muda mrefu, mimina kwenye trei ya barafu, igande, hamishia kwenye mfuko wa friza. Kipande kimoja kwa glasi ya juisi. Ikilegea baada ya kuyeyuka, ipashe moto tena na itashika upya.

#19 Mtata

Sawa. Na mimi nisiye na friji?

#20 Binti Kusini

Wewe roweka kidogo, kula yote. Au kausha tena: ukishaosha na kuroweka, katakata, anika juani juu ya wavu mpaka ukiukunja unavunjika, saga kwenye kinu au blenda, chekecha. Huo ndio unga wa mwani. Kijiko cha chai kwenye uji au kwenye kilo ya unga wa chapati kinatosha. Uweke kwenye chupa kavu, usiumimine juu ya sufuria inayofuka mvuke, utaganda kwenye mdomo wa chupa.

#21 Mtata

Unauza?

#22 Binti Kusini

Mama anauza. Ila subiri bamvua lijalo, na lete chupa yako mwenyewe.